Plastiki jikoni kwangu: nilianza na sufuria ya wali

Kwa miaka mingi nilipika wali kwa kuufunika na nailoni. Wengi mnaujua mtindo huo. Maji yakikaribia kukauka unatandaza mfuko wa plastiki juu ya mchele, unabana mfuniko, mvuke hautoki, na wali unaiva hadi juu bila kubakia kiini. Alinifundisha jirani nilipopanga chumba kwa mara ya kwanza hapa Tanga, nami nikauona ni ufundi.

Siku moja mamamkwe akaja kutoka Pangani kumwona mjukuu. Aliingia jikoni ndiyo kwanza nafunua sufuria, na mfuko umenywea, upande mmoja umegandana na ukoko. Hakunigombeza. Alikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akaniangalia, akauliza, "Mwanangu, migomba imekwisha mjini?" Kisha akaukwangua ule ukoko akautupa. Wali uliobaki hakuula.

Maneno yale yaliniingia. Tangu siku ile nimekuwa nikiipunguza plastiki jikoni, kidogo kidogo, na mpangilio nilioufuata ni huu: kwanza niliiondoa penye moto, halafu nikaizuia dukani na sokoni kabla haijaingia ndani, na vyombo nilivyokuwa navyo nikavishughulikia mwisho. Naona wengi huanzia mwisho. Wanatoa madeli na makopo yao yote, wananunua ya glasi kwa bei kubwa, na baada ya mwezi jiko limejaa nailoni zilezile za sukari na dagaa.

Penye moto

Plastiki ikipata joto hulegea, na vitu ilivyochanganywa navyo kiwandani, kama rangi na vilainishi, huhamia kwenye chakula kwa urahisi zaidi. Mafuta huzidisha hilo, na ukali wa ndimu, ukwaju au nyanya pia. Sasa fikiria wali wa nazi: una tui, una joto la mvuke, na mfuko umelala juu yake nusu saa nzima. Kama kuna jambo moja tu utakalobadilisha baada ya kusoma hapa, basi liwe hilo.

Jani la mgomba linafanya kazi ileile. Tafuta jani changa kiasi, ambalo upepo haujalichana, kwa sababu lililochanika litapitisha mvuke. Lipanguse pande zote mbili kwa kitambaa kibichi. Upande wa chini ndiko vumbi na utando wa buibui hukaa. Kata uondoe uti wa katikati. Kisha shika kila kipande kwa mikono miwili, ukipitishe taratibu juu ya makaa. Utaiona rangi inageuka mbele ya macho yako: ule ukijani wa vumbi unakolea na kung'aa, na jani linalainika kama kitambaa. Usipolibabua hivyo litapasuka mara tu utakapolikunja.

Kwa mchele wa kilo moja, vipande viwili vilivyopandana vinatosha. Maji yakikaribia kukauka, laza jani juu ya wali, kisha sukumiza kingo zake chini kwa mwiko, kati ya wali na ukuta wa sufuria. Funika. Punguza moto wa chini, palia makaa juu ya mfuniko, acha dakika kumi na tano hadi ishirini. Ukifunua, jani limegeuka kahawia na wali umechukua harufu yake nzuri. Binti yangu mdogo siku hizi wali usiokuwa na harufu ile anaukataa.

Wa gesi hawana makaa ya kupalia. Wao wazungushie mfuniko kitambaa safi cha pamba na kuzifunga ncha zake juu, kwenye kishikio, zisiufikie moto. Kitambaa kinanyonya matone ya mvuke na kinabana mfuniko. Moto uwe mdogo kabisa.

Mihogo, magimbi na viazi vinaiva vizuri chini ya sahani ya bati iliyogeuzwa, halafu mfuniko juu yake. Maharage na makande watu hufunika na nailoni ili kuokoa mkaa. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Mkaa utakaookoa ni mwingi kuliko ule wa nailoni.

Halafu kuna kuwasha jiko. Nyumba nyingi mtaani kwetu hapa Makorora huwasha mkaa kwa kuchoma mfuko, kwa sababu unashika haraka. Moshi wake ni sumu, anayeuvuta ni wewe uliyeinama unapepea, na mtoto uliyembeba mgongoni, na matone yake meusi hubaki kwenye jiko utakapobandika chungu. Sisi watu wa Tanga hatuna udhuru wowote, machungwa ya Muheza yapo hapahapa. Maganda yake usiyatupe. Yaanike kwenye ungo siku tatu nne za jua kali mpaka yavunjike kwa mkono. Yana mafuta ndani, kiberiti kimoja tu yanawaka kwa mwali mrefu wa manjano. Weka manne matano chini, vipande vya kifuu cha nazi juu yake, halafu mkaa. Mimi ninayo kwenye kopo la bati karibu na jiko, na msimu wa machungwa ukiisha natumia makumbi makavu yaliyochambuliwa.

La mwisho penye moto ni chakula kilichokwisha iva. Chapati zinatoka kwenye chuma zinaingia moja kwa moja kwenye nailoni, supu inafungwa kwenye kifuko, uji unatiwa kwenye chupa ya maji. Mimi mwenyewe siku moja nilikuwa na haraka, nikamimina maji yaliyotoka kuchemka kwenye chupa za maji ya dukani ili watoto waende nayo shule. Chupa zilisinyaa mkononi mwangu, shingo ikapinda, na maji yakawa na harufu hata baada ya kupoa. Chupa zile hazikutengenezwa kwa maji ya moto. Ukimtuma mtoto supu, mpe kibakuli cha bati chenye mfuniko au birika. Chapati zifunge kwa kitambaa cha pamba ndani ya sufuria iliyofunikwa. Zinabaki laini na hazitoi jasho kama ndani ya mfuko.

Dukani na sokoni

Wiki moja nilitundika kiroba nyuma ya mlango wa jiko, kila kipande cha plastiki kilichoingia kikaenda humo. Jumapili jioni mimi na watoto tukakimimina sakafuni tukavipanga mafungu. Mifuko mikubwa ya kubebea haikuwemo, kwa kuwa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Vilivyokuwemo ni vifuko vyembamba vya kufungia: vya sukari, chumvi, maharage, dagaa, mafuta ya kupima, nyanya za fungu, bamia zilizokwisha katwa, karanga, ubuyu wa watoto. Tulihesabu 43. Mwanangu wa kwanza akaniuliza vitakwenda wapi, nikakosa jibu, maana gari la taka huwa linapita linapopita, na mvua za masika zikianza tunaviona vyote kwenye mtaro.

Nilichojifunza kwenye lile fungu ni kwamba plastiki yetu inatokana na kununua kidogo kidogo. Robo ya sukari, kifuko. Mafuta ya mia tano, kifuko. Simlaumu mtu kwa hilo, fedha inaingia kwa siku na inatoka kwa siku. Anayeweza kununua sukari ya wiki mbili kwa pamoja anunue, ataokoa na vifuko. Asiyeweza abebe chombo chake, na hapo ndipo nilipo mimi mara nyingi.

Kapu langu la ukili lina vitu hivi kila niendapo dukani: makopo mawili yenye mifuniko, chupa ya glasi ya mafuta, mifuko mitatu ya khanga na kitambaa cha mkate. Sokoni naongeza ndoo ndogo yenye mfuniko.

Muuza duka kwanza atasita, hasa kwa sababu ya uzito. Kwenye mizani ya mawe hakuna tatizo lolote: sukari inapimwa kwenye sahani yake ya mizani, kisha anaimimina kwenye kopo lako. Kwenye mizani ya kielektroniki mwambie aweke kopo tupu kwanza, arudishe namba kwenye sifuri, ndipo atie. Zungumza naye kwa upole saa ambayo duka halina watu. Mimi nilisema, "Kaka, naomba unipimie humu, na wewe utabaki na mfuko wako." Aliposikia la mfuko kubaki alitabasamu, kwa sababu vifuko vile yeye anavinunua kwa fedha yake. Sasa akiniona na kapu anaanza kunyoosha mkono apokee kopo.

Chupa ya mafuta iwe kavu kabisa. Hata matone machache ya maji yatakurukia usoni mafuta yakishapata moto. Ioshe jioni, iinamishe usiku kucha, na asubuhi iweke juani saa moja.

Mifuko ya khanga ni kazi ya jioni moja. Khanga iliyochakaa ya sentimita 150 kwa 110 unaikata vipande tisa vya 50 kwa 36. Kunja kila kipande katikati kiwe 25 kwa 36, shona chini na ubavuni, kisha juu kunja upindo wa vidole viwili na upitishe uzi wa katani au utepe wa kitambaa. Mchele, maharage, dagaa wakavu, njugu, vyote vinakaa humo. Unga wa sembe unapenya kidogo kwenye khanga iliyochakaa sana, kwa hiyo unga tumia kopo. Mimi nimeishona kwa mkono, cherehani sina.

Kuna watu wataniambia wanayo mifuko mbadala, ile ya rangi rangi tunayouziwa sokoni kwa shilingi mia chache. Ishike vizuri uiangalie. Inaonekana kama kitambaa lakini nyuzi zake ni plastiki, na ikikaa juani inakatikakatika na kuwa vumbi. Uliyo nayo itumie mpaka iishe, lakini usinunue mpya kila uendapo sokoni. Kapu moja zuri la ukili limenidumu miaka, na fedha yake imekwenda kwa mama aliyelisuka.

Wifi yangu aliolewa Mombasa. Huko Kenya marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017 iligusa hata vifuko bapa vya kufungia, na nilipokwenda kumtembelea niliona duka la jirani yake likimfungia sukari kwenye mfuko wa kaki. Nilirudi na kaki kumi nikampelekea muuza duka wangu aone. Anazitumia kwa chumvi na majani ya chai. Kaki ni nzuri kwa vitu vikavu. Gazeti sipendi liguse vitumbua wala samaki wa kukaanga. Mafuta yanaufuta wino na kuuhamishia kwenye chakula. Kwa vitu vyenye mafuta jani la mgomba ni bora kuliko vyote.

Samaki ndio walionisumbua zaidi. Pale Deep Sea, soko letu la samaki hapa Tanga, ukishanunua changu au vibua, anayewaparua anakutafutia nailoni bila hata kukuuliza. Mimi natoa ndoo mapema, kabla hajaanza kuparua, kwa sababu ukichelewa ataishia kuwatia kwenye mfuko kisha mfuko ndani ya ndoo yako. Chini ya ndoo naweka jani, naweka samaki, nawanyunyizia chumvi, nafunika. Nikifika nyumbani ndoo inaoshwa saa ileile kwa majivu, halafu naisugua kwa ganda la ndimu iliyokamuliwa na kuiacha wazi upenuni. Ikikaa mpaka jioni, harufu haitoki tena.

Vyombo ulivyo navyo

Usitupe. Ndoo nzima, deli zima, kopo zima, vinaweza kukutumikia miaka mingine bila kununua kipya, mradi usivitie vitu vya moto wala kuvianika juani bila sababu. Chombo kilichopasuka, kilichopauka au kilichokwaruzika sana ndani kiondoe kwenye chakula. Kipandie mchicha au kifulie nguo.

Kigeuze chombo ukitazame chini. Vyombo vingi vina alama ya pembetatu na namba. Namba 2 na 5 ndizo ninazoziamini kwa kuhifadhia chakula kikavu na baridi. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 3 na 6 mimi siziweki chakula. Ndoo za mafuta ya kupikia za lita 20 zinafaa sana kwa unga na mchele. Ndoo ya rangi ya nyumba usiitie maji ya kunywa wala unga, hata ukiisugua mara kumi. Nimeona hilo kwenye nyumba za watu ninaowapenda na nimewaambia waziwazi. Vivyo hivyo madumu yaliyokuwa na dawa za shamba au kemikali yoyote.

Miko na vijiko vya plastiki nimeviacha kabisa kwa sababu huyeyuka ncha kwenye karai la mafuta. Mwiko wa mti na upawa wa kifuu havina shida hiyo. Chakula kilichoandaliwa nakifunika kwa kawa, na mamamkwe ndiye aliyeniletea mawili kutoka Pangani.

Kwenye friji, tui na mchuzi naweka kwenye bakuli za bati na sahani juu. Nikigandisha kwenye chupa za jamu naacha vidole viwili juu, kwa sababu kimiminika kikiganda kinavimba na chupa iliyojaa itapasuka. Mchicha na matembele naosha, nakung'uta, nakunja ndani ya kipande cha khanga kibichi, vinakaa siku tatu bila kunyauka. Dhania naisimamisha kwenye glasi ya maji kama maua. Nyanya hazihitaji friji wala mfuko, zilaze kwenye ungo zisigusane.

Maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoa yako kwenye mtungi, na kata ya mpini mrefu ili mkono usiingie. Mtungi unatoa jasho kwa nje, na jasho hilo likikauka ndilo linalopoza maji. Osha kila wiki kwa maji ya moto na mchanga safi. Sabuni usitie, udongo utaishika harufu yake.

Na sifongo. Ile ya kijani na manjano ni plastiki, na yale makombo yake yanayobanduka unapoosha sufuria yanaondoka na maji machafu mpaka baharini. Badala yake panda dodoki. Loweka mbegu usiku mmoja, panda mwanzoni mwa Machi mvua zinapokaribia, karibu na ua au mti wa kupandia. Usivune likiwa kijani. Liache mtini mpaka likauke, liwe jepesi na mbegu zichezecheze ndani ukilitikisa. Kwangu huchukua kama miezi mitano. Vunja ncha, kung'uta mbegu, loweka, menya ganda, likamue mpaka ule utelezi uishe, anika. Dodoki moja linatoa vipande vitatu. Baada ya kuosha vyombo likamue na ulitundike, na kila baada ya siku mbili tatu lichemshe kidogo lisishike uvundo. Kwa masizi ya chungu ongeza majivu na kumbi la nazi.

Mwaka huu ua wangu umetoa madodoki kumi na manane. Matano nimeyaacha kwa mbegu, na aliye Makorora au Msambweni anayetaka apite achukue, kabla ya Machi.